Anzia Ukutani

Jumamosi moja, kabla sijamaliza chai, mpwa wangu alibisha hodi akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Akaniamkia, akakaa, akaifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na laki tisa na nusu, nyingi zikiwa noti za elfu mbili na elfu tano, pesa aliyoidunduliza mwaka mzima na miezi kadhaa akitoa fotokopi na kuchapa barua za watu kwenye stesheneri ya mtaani kwao. Juu ya pesa akaweka karatasi ya daftari. "Mjomba, nataka kuunda kompyuta ya gemu. Vitu vyenyewe ni hivi."

Nikaisoma. Cha kwanza, kadi ya grafiki. Cha pili, prosesa. Cha tatu, kasha lenye kioo ubavuni na feni za taa. Orodha ikashuka hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho, palipoandikwa: pawa saplai, yoyote.

Neno hilo, yoyote, nililirudia mara mbili. Nimekuwa nikifungua na kufunga kompyuta tangu enzi za monita za chogo, na kompyuta nilizozishuhudia zikifa mikononi mwa vijana hazikufa kwa sababu kadi ilikuwa dhaifu au prosesa ilikuwa ya zamani. Zilikufa kwa umeme. Kijana anaweka pesa yake yote kwenye kile kinachoonekana na kutajwa barazani, kisha anakitegemeza kwenye kile alichokinunua kwa chenji iliyobaki. Mwenye pesa nyingi akiunguza anarudi dukani. Huyu wa bahasha hana pa kurudi. Ndiyo maana nasema, na leo nataka tulizungumze kwa kirefu, kwamba mwenye pesa ya kuunga-unga aanzie ukutani, kwenye soketi, aufuate umeme unavyoingia ndani mpaka uishie kwenye kioo.

Nikamuuliza, "Soketi ya chumbani kwako ina athi?" Hakujua. Tukapanda daladala mpaka kwao Tandika.

Wengi wenu mmeshakutana na hali hii. Uko peku sakafuni, unagusa kasha la chuma la kompyuta, unahisi kama sisimizi wanakutambaa vidoleni. Watu husema ina shoti, wanavaa kandambili, maisha yanaendelea. Kinachotokea ni hiki: ndani ya pawa saplai mna vichujio vidogo vinavyonyonya makelele ya umeme na kuyapeleka kwenye kasha, kwa matarajio kwamba kutoka kwenye kasha upo waya wa athi wa kuyashusha ardhini. Waya usipokuwepo, umeme ule kidogo unabaki juu ya chuma ukisubiri njia. Ukigusa, njia inakuwa wewe. Na siku waya wa moto utakapochubuka ndani ya kasha, hao hawatakuwa sisimizi tena.

Nyumba nyingi tunazopanga zina soketi za matundu matatu, lakini lile tundu la juu nyuma yake hakuna kitu. Tumelizoea kama tundu la kutumbukizia kalamu ili viziba vifunguke tuchomeke plagi ya pini mbili. Fundi wa umeme aliyekuja kwa dada yangu, mama wa kijana, alifungua soketi kwa bisibisi, akaivuta kidogo, akatuonyesha: waya mwekundu upo, mweusi upo, mahali pa waya wa athi pamebaki na skrubu tupu inayong'aa, haijawahi kukazwa tangu nyumba ijengwe. Akachimbia rodi ya shaba nje ya dirisha, akavuta waya wenye mistari ya kijani na njano, akaufunga. Elfu thelathini na tano pamoja na vifaa. Nikaongeza gadi, kile kidude watu wanachowekea friji, ambacho umeme ukishuka mno au ukirudi kwa kishindo kinakata, kinasubiri dakika kadhaa utulie, ndipo kinaruhusu. Elfu ishirini na tano. UPS, ile yenye betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ingesubiri.

Elfu sitini zimekwenda na hatujanunua hata skrubu moja ya kompyuta. Uso wa kijana ulikuwa umeshuka, nami sikumlaumu. Kadi ya grafiki unaweza kuwaonyesha rafiki zako. Rodi ya shaba iliyofukiwa nje ya dirisha utamwonyesha nani?

Tukaenda Kariakoo. Duka la kwanza walituletea pawa saplai mpya, boksi limechorwa radi, limeandikwa wati 500, bei elfu thelathini na tano. Nikamwambia kijana aishike. Ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Pawa saplai ya kweli ina uzito, kwa sababu ndani mna transfoma, koili na mabapa ya kupozea, na hivyo vimejaa shaba na aluminiamu. Lakini uzito ni dalili tu. Ushahidi umeandikwa ubavuni, kwenye kibandiko ambacho watu hawakisomi.

Nitawaeleza jinsi ya kukisoma. Tafuta palipoandikwa volti 12. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wawili wakubwa ndani ya kompyuta ya gemu, wote wanakula kutoka kwenye laini ya volti 12. Chini yake utaona ampea. Ile tuliyoishika iliandikwa ampea 16. Zidisha 12 kwa 16, unapata 192. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi wangegawana. Zile nyingine zinazojaza hesabu mpaka 500 zimerundikwa kwenye laini za volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta za siku hizi zinazigusa kidogo tu. Mtu ananunua wati 500, anapewa 192, anaongeza kadi inayotaka 150, na gemu ikianza kupamba moto kompyuta inazima. Hiyo ndiyo heri, kwamba inazima. Ile isiyo na kinga ndani haizimi. Inapitisha umeme usio na adabu mpaka kwenye mathabodi, na harufu yake ukishainusa huisahau.

Pawa saplai mpya ya kuaminika, yenye nembo ya 80 Plus, maana yake isiyopoteza zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya umeme kwa joto, ingetula laki moja na nusu na zaidi. (Bei hizi ni zile tulizozikuta na kuzilipa sisi, za kwenu zitakuwa za kwenu.) Ukitoa laki na nusu kwenye laki nane na tisini, halafu ununue mathabodi, prosesa, ram, kasha, SSD, kioo, vyote vipya, pesa ya kadi haipo. Hesabu ilikataa. Hapo ndipo nilipompeleka mpwa wangu mahali ambapo hakutaka kwenda, kwenye kompyuta za ofisini za mtumba.

Nazijua dharau zinazoelekezwa kwa mashine hizi. Ni nyeusi, hazina taa, zimebandikwa stika za makampuni ya Ulaya zilikotoka. Makampuni ya huko hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima, na zile zinazotolewa hupangwa kwenye kontena, nyingine zinafika kwetu. Mimi nazipenda, na sababu yangu ya kwanza ni ile ile ya ukutani. Pawa saplai ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk ilitengenezwa iwake mchana kutwa, siku tano kwa wiki, miaka na miaka, kwa mteja anayenunua mashine mia kwa mpigo na hataki kurudishiwa hata moja. Ni ndogo, lakini ni ya kweli. Ikiandikwa wati 260, ni 260.

Sharti ni kujua kuchagua. Muuzaji atakuambia, "Hii Core i5, kaka, kitu cha uhakika." Jina Core i5 lipo tangu mwaka 2009. Ni sawa na kuambiwa hii ni Corolla bila kuambiwa ya mwaka gani. Muulize kizazi cha ngapi, na asipojibu soma mwenyewe: kwenye namba za tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-4590 ni kizazi cha 4, ya mwaka 2014. i5-6500 ni kizazi cha 6, ya 2015. Sisi tulitafuta i5-8500, kizazi cha 8, ya 2018, kwa sababu mbili. Kwanza, ina viini 6, wakati zile za kabla yake zina 4. Pili, Windows 10 iliacha kupewa kinga za kawaida za usalama na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Ukinunua ya kizazi cha 6 leo kwa sababu imepungua elfu themanini, umenunua mashine ambayo Windows imeshaifungia mlango, na baadhi ya gemu za mtandaoni, Valorant mojawapo, zina masharti ya usalama yanayokwenda sambamba na Windows 11. Kuna wanaohamia Linux, na gemu nyingi za duka la Steam zinakubali huko tangu Valve, wenye duka hilo, walipotoa programu ya Proton mwaka 2018, lakini Valorant hiyo hiyo na ile ya mpira ya EA hazikubali. Mpwa wangu anacheza ya mpira.

Tena mashine hizi huja na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya mathabodi yenyewe. Ukiipiga Windows upya inajitambua. Hiyo ni pesa ambayo anayeunda mpya huwa haiweki kwenye hesabu.

Jambo la kuangalia kwa makini ni umbo. Kuna zile nyembamba, za kulaza mezani chini ya monita, na kuna zile ndefu za mnara. Zile nyembamba zinakubali kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na bei yake imechangamka. Chukua mnara. Na ujue kwamba pini za pawa saplai kwenye nyingi ya mashine hizi si zile 24 za kawaida, kwa hiyo usipange kwamba kesho utachomoa uweke nyingine yoyote. Ulichokipata ndicho utakachoishi nacho, na kadi utaichagua kwa kufuata hicho.

Tulipata mnara wa i5-8500, ram GB 8, SSD ya GB 256, pawa saplai ya wati 260. Laki nne na ishirini baada ya kuvutana kwa muda mrefu.

Sasa kadi. Naomba nieleze kwanza kazi yake, maana watu wanaitaja sana bila kujua inafanya nini. Kioo cha kawaida cha leo kina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, ni zaidi ya milioni 2. Ili mchezo uonekane laini, vidoti vyote hivyo vinapakwa rangi upya mara 60 kwa sekunde. Ni zaidi ya milioni 120 kila sekunde, na kila picha moja ina muda usiofika sehemu 17 kati ya elfu za sekunde. Prosesa yetu ina viini 6, vyenye akili sana, lakini ni 6. Fikiria shughuli ya harusi na magunia ya mchele wa kuchambua. Ukiwaita mabingwa sita wa mapishi, hawamalizi. Ukiwaita majirani mia tisa, kila mmoja na ungo wake, kazi imekwisha kabla adhana haijalia. Kadi ya grafiki ni wale majirani. GTX 1650 ina viini vidogo 896, kila kimoja kinajua jambo dogo, vyote vinafanya kwa pamoja.

Na kwa nini nikataja GTX 1650, kadi ya mwaka 2019, wakati kuna mpya zenye nguvu mara nyingi zaidi? Rudi kwenye umeme. Tundu la kwenye mathabodi ambamo kadi inachomekwa linaweza kuipa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake wa pembeni kutoka kwenye pawa saplai, na mashine ya ofisi haina waya huo. GTX 1650 imetengenezwa kuishi ndani ya wati 75. Piga hesabu nasi: prosesa imeandikwa wati 65, ingawa ikikimbia huchukua zaidi kwa muda mfupi, kadi 75, mathabodi, ram, diski na feni tuziwekee 40. Jumla 180 chini ya paa la 260. Mashine inapumua. Ila kuna GTX 1650 zilizowekewa tundu la waya wa ziada juu yake, hizo tuliziacha. GTX 1050 Ti, dada yake mkubwa wa mwaka 2016, nayo inaishi ndani ya wati hizo hizo 75, ina viini 768, na kama pesa ingepungua tungeichukua bila kuona haya. Gemu ya mpira ya EA inaomba angalau kadi ya daraja hilo.

Hapa kwenye kadi nina kidonda changu, nitakisema. Miaka michache iliyopita nilinunua kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, boksi safi, nailoni haijafunguliwa. Nikafika nyumbani nikachomeka, Windows ikaitambua kwa jina hilo hilo, GB 4, kila kitu sawa. Gemu ikatambaa. Nikazima, nikawasha, nikapiga Windows upya usiku kucha. Asubuhi nikakumbuka programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Nikaifungua, na pale penye jina la kadi pameandikwa neno moja kwenye mabano, kwa herufi kubwa: FAKE. Chipu iliyokuwa ndani ilikuwa GTS 450, kadi ya mwaka 2010. Mtu alikuwa ameiandika upya ile kumbukumbu ndogo inayoitambulisha kadi, akaifundisha kusema jina la mwenzake. Dalili ilikuwa wazi nami sikuiangalia: nyuma ilikuwa na lile tundu la buluu la VGA lenye matundu 15, na kizazi cha 10 cha kadi za Nvidia kilikwishaacha tundu hilo la kizamani. Dukani hawakunirudishia hata senti. Nilikuwa nimeikusanya pesa ile kwa kazi za usiku.

Kwa hiyo tulipokwenda kununua ya mpwa wangu nilikuwa na flashi mfukoni yenye GPU-Z. Nikamwambia muuzaji, kwa heshima, kwamba nanunua iwapo atanichomekea kwenye kompyuta yake na kuniruhusu kuifungua hii. Wa kwanza alikataa. Wa pili alikataa kwa kelele. Wa tatu, mzee mmoja kwenye kijiduka cha ghorofani, alisema "Karibu, kaa," akachomeka, akaniachia kipanya. Kadi ilisema kweli. Tukamlipa laki mbili na themanini bila kuomba apunguze.

Kijana alikuwa ameziona pia RX 580 za bei ya kuvutia, GB 8, zimepangwa kama vitabu. Nyingi ya kadi hizo zimetoka kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu mojawapo, Ethereum, ilibadili mfumo wake, kadi hazikuhitajika tena, na zilizokuwa zinawaka usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Lakini RX 580 inataka wati 185, na sisi tulikuwa na 260 za mashine nzima bila waya wa pembeni. Umeme ulishajibu swali hilo kabla hatujauliza bei.

Ram tuliongeza kipande cha pili cha GB 8, cha kutumika, elfu sitini na tano. Vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inavisoma vyote kwa wakati mmoja kama barabara ya njia mbili. Kama unahitaji ram, usingoje sana: tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei zimepanda, viwanda vinapeleka chipu kwenye makompyuta makubwa ya akili mnemba. Kioo cha inchi 22 cha mtumba, laki na elfu kumi. Kibodi na kipanya alikuwa navyo.

Kwa mwenye pesa zaidi kidogo na anayetaka vitu vipya, njia ninayoiamini ni prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Ndani yake mna grafiki ya kutosha kuanzia, kwa hiyo unanunua pawa saplai nzuri sasa na kadi mwakani, hakuna kinachotupwa. Angalia ram tu: iwe vipande viwili na iwe ya kasi, maana grafiki ile inakula ndani ya ram hiyo hiyo.

Jioni tukaanza kazi sakafuni, juu ya jamvi. Nilimwambia aguse chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa chochote ndani, ili umeme tulivu wa mwilini uondoke. Mashine ilikuwa imekaa ofisini miaka, vumbi la Ulaya limeshikana kwenye mabapa kama pamba. Tukalipuliza kwa bloa nje ya mlango, kidole kikiwa kimeizuia feni isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo mkali inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye mathabodi. Kisha tukafungua kipozeo cha prosesa.

Hapa nataka mwone nilichokiona. Kati ya prosesa na kipozeo hupakwa pesti laini, kazi yake kuziba vijinafasi visivyoonekana ili joto livuke kutoka chuma kimoja kwenda kingine. Ile ya kwetu ilikuwa imekauka, kijivu, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Joto lilikuwa halivuki tena. Tukaifuta kwa pamba na spiriti ya duka la dawa mpaka chuma kikarudisha sura ya uso, tukaweka mpya, kiasi cha punje ya njegere, katikati, tukakaza skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe. Kabla ya hapo nilikuwa nimepima: ikifanya kazi nzito ilifika nyuzi 91. Baada ya hapo, chumba kile kile, joto lile lile la Dar es Salaam, 72. Pesti nilikuwa nayo nyumbani. Sijui kazi nyingine kwenye kompyuta inayorudisha kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Dada yangu alipoona mashine imekaa mezani alifurahi, akaleta kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua, akaifunika vizuri, kingo zikaning'inia mpaka kwenye matundu ya hewa. Ni mkono wake, alikifuma mwenyewe. Mpwa wangu akaniangalia. Nikamweleza dada kwamba mashine hii inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma, ikifunikwa inajipika, na nikamwomba kitambaa kile akae nacho kijana kwa ajili ya kufunika kibodi usiku. Akakubali. Akaenda kutafuta kitambaa kidogo zaidi, cha kutosha kibodi.

Kuna gharama nyingine ambayo wenzetu wanaotufundisha kwenye video hawaitaji, kwa sababu kwao si gharama: bando. Gemu ya Counter-Strike 2 inaomba nafasi ya GB 85. Ya mpira inakaribia 100. Mchezo wenyewe unaweza kuwa wa bure, na Counter-Strike 2 ni ya bure, lakini kuupakua kwa bando la simu ni kununua kadi nyingine. Tulifanya hivi. Rafiki yake wa mtaa wa pili anayo tayari. Tangu mwaka 2023 Steam ina njia ya kuhamisha gemu kutoka kompyuta hadi kompyuta zikiwa kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, bila kwenda intaneti kuipakua upya. Rafiki akabebwa na mashine yake kwenye bajaji, tukaziunganisha kwa waya, saa moja haikuisha. Kilichotumika kwenye bando ni masahihisho madogo tu. Gemu nyingine tukaziweka kwenye hadi diski ya GB 500 niliyomtolea kwenye mashine yangu iliyokufa. Zinafunguka polepole kuliko kwenye SSD, lakini zikishafunguka zinacheza sawa.

Ilipofika saa tatu usiku akawasha Counter-Strike. Ikaanza. Ikakwama. Akitembea, picha zinakatika. Akigeuka, kioo kinasubiri. Pembeni palikuwa na namba ya picha kwa sekunde, inacheza kwenye 20 na ushei. Hakusema kitu, lakini niliona alichokuwa anakiwaza, maana mimi nilikwishakiwaza miaka ile usiku kucha: tumeuziwa feki.

Nikainama nyuma ya meza na tochi ya simu. Waya wa kioo ulikuwa umechomekwa juu, kwenye tundu la mathabodi. Kadi ilikuwa imekaa chini yake, feni inazunguka, haina inachokifanya. Picha zote zilikuwa zinachorwa na grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. "Chomoa hapo," nikamwambia, "chomeka hapa chini." Akazima, akauhamisha, akawasha.

Namba ikapanda mpaka 90 na kupita. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akakimbia na kusimama ukutani mwa gemu akiangalia tu jinsi matofali yanavyopita bila kukatika. Nikagusa kasha kwa kiganja, nikiwa peku. Kimya. Hakuna sisimizi.

Zilibaki elfu kumi na tano. Alizirudisha kwenye bahasha ile ile ya kaki, na juu yake, kwa kalamu, kwa herufi kubwa, akaandika: UPS.